Mkwe wa Mwenyekiti

Kwenye ile gereji ubishi wa mpira ulianza kabla hata kufuli halijafunguliwa. Mafundi walifika mmoja mmoja, kila mtu na hoja aliyolala nayo, na mwenye funguo, fundi wa kunyoosha bodi, aliwasikiliza huku akihangaika na geti. Huyo ndiye Mwenyekiti. Jina lake halisi wengi walishalisahau. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki la mtaa ule, tawi lenye bendera moja, ngoma mbili na maneno yasiyoisha, na cheo hicho alitembea nacho mpaka kazini.

Asubuhi hiyo hoja ilikuwa moja tu, nayo ilimhusu mkwe wake.

Mkwe mwenyewe alikuwa winga wa timu yao, kijana mfupi wa mguu wa kushoto, mwenye mbio za kutia wazimu mabeki. Mashabiki walimwita Kiberiti, kwa udogo wake na kwa jinsi alivyouwasha uwanja. Mwaka uliotangulia alimuoa binti pekee wa Mwenyekiti. Sasa redio ilikuwa imetangaza kwamba watani wao, ile timu ya upande wa pili wa mji, wanamtaka, na mshahara watakaompa ni mara tatu ya ule anaopata.

"Mara tatu!" Fundi rangi alikuwa anapiga msasa bampa kwa hasira, kana kwamba ndiyo iliyotoa ofa. "Mtoto wa juzi tu huyu! Tumempigia ngoma tangu hajulikani. Leo ameona hela, anataka kutupa kisogo."

"Kwani hela ni dhambi?" Sauti ya fundi umeme ilitoka ndani ya boneti. "Wewe ulipohama gereji ile ya barabarani ukaja hapa, ulifuata nini? Mapenzi?"

"Gereji si timu, bwana."

"Haya. Lakini miguu ya mchezaji ina miaka yake michache tu. Goti likienda, utamlisha wewe?"

"Ataishi kwa heshima!"

"Heshima inapikwa na nini?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa anagonga mlango wa pikapu uliobonyea, na kila maneno yalivyozidi ndivyo alivyozidisha nyundo, mpaka akauharibu mahali palipokuwa pazima. Fundi rangi akamgeukia.

"Na wewe Mwenyekiti umekaa kimya. Mkwe wako akivaa jezi ya watani, utakaa jukwaa gani? Hiyo bendera utaishika kwa uso upi?"

Hapo alimgusa penyewe. Tangu ndoa ile, Mwenyekiti akiingia uwanjani watu walimpisha njia, na wasiomjua walimuonyesha kwa kidole. Alikuwa ameizoea raha hiyo vibaya sana. Hakulala vizuri usiku ule, na jioni iliyofuata akaoga, akavaa shati la kwenda kwa watu, akaenda kwa binti yake.

Walikuwa wanaishi vyumba viwili nyuma ya nyumba ya ghorofa, kochi moja, stuli mbili, na viatu vya mpira vimepangwa dirishani vikipigwa upepo. Binti alikuwa mjamzito. Kutwa nzima alisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na jioni miguu ilimvimba hata ndala zikawa hazimuingii. Ile ofa ya watani ingemrudisha nyumbani akapumzike. Walishaanza hata kutafuta nyumba yenye chumba cha mtoto.

Kiberiti alimpokea baba mkwe kwa adabu yake ya siku zote, adabu iliyopitiliza. Hakuwahi kukaa naye kochi moja, alivuta stuli. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na shangazi, na mtu pekee aliyemwita baba duniani ni huyu fundi bodi. Mzee akisema jambo, kwa Kiberiti lilikuwa limekwisha. Mwaka jana alisema pikipiki ni hatari kwa mchezaji, basi pikipiki ikauzwa wiki hiyo hiyo, na Kiberiti akawa anakwenda mazoezini kwa miguu. Mwenyekiti alilijua hilo vizuri kabisa. Ndiyo maana alikwenda mwenyewe, hakutuma mtu.

"Mwanangu," alianza, "timu hii ndiyo iliyokutoa. Mimi nimekaa jukwaa lile tangu wewe hujazaliwa. Ukienda kwa watani, mimi nitapita wapi?"

"Baba," binti alidakia, "haya ni mambo ya kazi yake."

"Sijazungumza na wewe, mama."

Mzee mzima anauliza yeye atapita wapi, na mbele yake kakaa binti aliyevimba miguu! Lakini shabiki akishapandwa na mori, macho yake huona jezi tu. Kiberiti aliinamisha kichwa. Mkewe alikuwa anamtazama, anangoja aseme lolote.

"Nimekusikia, baba," akasema.

Wiki hiyo akasaini mkataba mpya pale pale alipokuwa, kwa nyongeza kiduchu tu. Gereji ilisimama kazi. Fundi rangi alimbeba Mwenyekiti mgongoni, akazunguka naye magari mabovu, huku wengine wakipiga madebe. Wakasema yule ndiye kijana, damu yake ni ya timu, hanunuliki. Fundi umeme peke yake ndiye hakupiga debe.

"Mzee," alimwambia baadaye, walipobaki wawili, "yule ni mkweo. Hawezi kukukatalia. Ulipokwenda ulikuwa unajua?"

"Unga waya zako," Mwenyekiti akamjibu, na hakumsemesha tena mpaka jioni.

Basi msimu ukaanza, na ukaanza kwa mkosi. Kocha mpya aliletwa, mtu wa kununa, akasema timu haina beki wa kushoto, na Kiberiti ndiye atakayecheza hapo. Mtu wa kukimbia mbele akawekwa nyuma kulinda. Akagongwa kifundo cha mguu, akacheza nacho hivyo hivyo kwa kuwa hakukuwa na wa kumbadili. Mbio zikapungua. Krosi zikawa zinakwenda kwa waokota mipira.

Mashabiki hawakutaka kusikia habari ya kifundo. Walewale! Wale waliopiga madebe!

"Amebweteka," fundi rangi alisema. "Kaongezewa mshahara, kashiba. Anakula hela ya timu bure."

"Huyu alikataa mshahara mara tatu ili abaki na nyinyi," fundi umeme alimkumbusha.

"Aliukataa kwa sababu alijua hana kiwango. Kule wangemuumbua mapema."

Ukiwa na akili timamu unaweza kuugua kwa kusikiliza maneno kama hayo. Mwanzoni Mwenyekiti aliwaka, akamtetea kijana mpaka sauti ikamkauka. Lakini kila Jumamosi timu ilifungwa, na kila Jumatatu alisimangwa. "Mkweo huyo, Mwenyekiti. Mkweo." Wateja wakaanza kumtania, hata watoto wa mtaani. Ubishi ulimchosha, na alipochoka, hasira yake ikatafuta pa kutua. Haikutua kwa kocha, wala kwa fundi rangi. Akaanza kumuona yule kijana kama mtu aliyemuaibisha kwa makusudi.

Siku ya mechi na watani uwanja ulifurika. Mwenyekiti alikaa chini kabisa, karibu na mstari, na bendera yake. Kipindi cha pili Kiberiti alinyang'anywa mpira, watani wakafunga. Dakika chache baadaye akapanda mbele, akabaki yeye na goli tu, akapaisha. Uwanja mzima ukaguna. Mpira ukatoka nje kwa upande wa jukwaa lao, akaja kuurusha yeye, akasimama mbele ya Mwenyekiti, karibu kiasi cha mzee kuliona jasho shingoni mwake. Na hapo mzee akasimama, bendera mkononi.

"Mtoe huyo! Hela za bure tu anakula! Mtoe!"

Sauti yake hakuna asiyeijua. Kwa miaka mingi ndiyo iliyoanzisha nyimbo. Kiberiti alikuwa ameuinua mpira juu ya kichwa. Hakugeuka. Alibaki vile kidogo, mpaka mwamuzi akapuliza filimbi kumhimiza, kisha akaurusha moja kwa moja kwa watani. Kocha akamtoa. Majirani wa jukwaani wakampiga Mwenyekiti mgongoni: "Huyo ndiye mwenyekiti! Hana upendeleo hata kwa mkwe!" Sifa zile alizipokea kwa kutabasamu. Lakini hakusubiri mechi iishe.

Kesho yake Kiberiti na mkewe walikuja kumtembelea, kama walivyozoea kila Jumapili.

"Shikamoo, baba," Kiberiti akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Wakazungumza habari ya mvua, habari ya bei ya saruji, na habari ya majirani. Laiti kijana yule angepiga kelele, angebamiza mlango, Mwenyekiti angepata pa kujitetea. Badala yake Kiberiti alimmiminia chai kwa mikono miwili. Walipokuwa wanaondoka, binti alibaki nyuma kidogo mlangoni.

"Mimi nilikuwa kazini, sikukusikia, baba. Yeye ndiye aliyeniambia," alisema. "Hana hasira na wewe hata kidogo. Ndiyo maana mimi ninayo."

Msimu ulipokwisha, redio ya gereji ikasoma majina ya wanaoondoka timuni. Kiberiti alikuwemo. Timu ilikuwa imempeleka kwa mkopo daraja la chini, kwenye mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, kwa nusu ya mshahara. Watani walishachukua winga mwingine zamani, na simu za Kiberiti walikuwa hawapokei.

"Afadhali," fundi rangi akasema, anachanganya rangi. "Aende zake."

Mwenyekiti aliitupa nyundo, ikagonga ukuta wa mabati.

"Nyinyi ndio mlisema abaki!"

"Tulisema abaki acheze, Mwenyekiti. Hatukusema abaki ashuke kiwango."

Angemwambia nini? Kila neno la kumtukana fundi rangi lilimrudia mwenyewe. Mwenyekiti akavua ovaroli katikati ya kazi, akaacha mlango wa gari la mtu ukining'inia bawaba moja, akaondoka kwenda kwa binti yake.

Aliwakuta wanafunga mizigo. Kochi lilishauzwa. Binti alikuwa na mtoto mgongoni, anakunja nguo, akamsalimia bila kusimama. Kiberiti alimtafutia stuli, mwenyewe akachuchumaa.

"Nilikukosea, mwanangu," Mwenyekiti akasema. Maneno yalimtoka kwa taabu kuliko alivyotarajia. "Nilikuja hapa nikakufunga mdomo. Kisha nikakuzomea mbele ya watu."

"Yameshapita, baba."

"Hayajapita. Nimepita tawini, nimewaachia bendera yao leo hii hii, uenyekiti sitaki tena. Nitakuwa nakuja huko huko. Nauli nitajua mwenyewe. Kila mechi nitakaa mbele, nikushangilie hata ukianguka."

Kiberiti alikuwa anazungusha kiatu cha mpira mkononi, anabandua tope lililokauka, na vipande vilianguka kati ya miguu yake. Binti aliacha kukunja nguo. Mwenyekiti akamtazama mkwe wake, anangoja lile jibu alilozoea kupewa.

"Nyumbani kwetu karibu saa yoyote, baba," Kiberiti akasema kwa upole. "Mjukuu ni wako, na chumba chako kitakuwepo. Lakini uwanjani naomba usije."