Kuziba Paa la Baba

Nyumba ya baba yangu kule Bukiriro, wilayani Ngara, imejengwa kwa tofali mbichi, na aliyeijenga ni baba mwenyewe, kwa mikono yake na kwa ubishi wake. Kila kitu ndani yake kimepinda kidogo. Mlango wa mbele unafunga ukiunyanyua kwa goti. Dirisha la chumba cha mama halifunguki mpaka ulipige ngumi chini, upande wa kushoto, tena uwe na hasira za kweli, maana ngumi ya mzaha halitambui. Mimi hasira ninazo. Ndiyo maana katika familia yetu dirisha lile ni la kwangu.

Baba alipofariki, mama alibaki humo peke yake, na nyumba ikaanza kuzeeka haraka kuliko yeye. Mchwa walipanda kwenye fremu za milango. Ukuta wa nyuma ulipasuka. Watu wetu wakiona ufa hupenda kukukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, kisha wanakwenda zao. Sijawahi kumwona anayeisema methali hiyo akiwa na udongo mkononi.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Mwanza, yeye alijaribu, siwezi kumnyima haki yake. Alituma saruji, akamtuma na fundi. Fundi akapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo, ikapendeza, tukapiga picha. Msimu wa mvua uliofuata lipu ikaanza kubanduka vipande vikubwavikubwa, maana saruji na udongo hawakai nyumba moja. Mama akawa anaviokota vile vipande na kuvipanga chini ili asikanyage tope akienda jikoni. Fundi huyohuyo aliongeza misumari kwenye paa. Msumari wa bati hupigwa mgongoni, pale bati lilipoinuka, ili maji yapite pembeni. Yeye aliipiga bondeni, kwenye njia yenyewe ya maji. Paa lililokuwa likivuja mahali pamoja likawa chekeche.

Masika iliyofuata mama aliugua kifua. Kaka alikuja, akakaa sebuleni katikati ya ndoo na masufuria yaliyokinga maji, akasema kwa upole kwamba sasa basi. Mvua za vuli hazitamkuta mama Bukiriro. Chumba chake Mwanza kiko tayari, kitanda na godoro vimenunuliwa. Mwezi wa kumi angekuja na gari kumchukua.

Mama hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha. Mama yangu akiambiwa leo ni Jumanne atauliza nani kasema. Lakini siku ile alijibu tu, "Sawa, mwanangu," akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba, anang'oa majani kwenye kaburi la baba.

"Huko Mwanza," aliniuliza bila kunitazama, "mtu akishaamka asubuhi, anakwenda kufanya nini?"

Niliinama nikang'oa majani pamoja naye. Kuhamia kwangu alishakataa siku nyingi. Ninaishi Nyakahura, nina kibanda cha nguo kando ya barabara, na chumba nilichopanga kinatikisika kila lori linapopita. Alilala humo siku chache, akasema ni afadhali alale kwenye hilo lori.

Kilichobaki ni kuitengeneza nyumba yenyewe kabla kaka hajarudi. Kama ingekuwa kavu, hangekuwa na sababu ya kumchukua. Nilifunga kibanda, nikapanda gari la Ngara na begi lenye nyundo, misumari, kopo kubwa la lami, na mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli. Mimi si fundi. Lakini utoto wangu wote nilikuwa wa kumshikia baba ngazi, na mtu aliyeshika ngazi muda mrefu huona mambo mengi, hasa yale yanayokosewa huko juu.

Kuta hazikutusumbua. Kazi ya kukandika kwetu ni ya wanawake, haina mjadala. Tulibandua saruji yote iliyobaki. Nikachimba udongo wa kichuguu, tukachanganya na mchanga na mavi mabichi ya ng'ombe kutoka kwa jirani, nikaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa laini na mzito. Mama alikaa kwenye kigoda akinisimamia.

"Unampaka mtoto mafuta? Bonyeza."

"Nabonyeza, mama."

"Hubonyezi. Unapapasa."

Mwishowe alikuwa akiinuka, ananisukuma pembeni kwa nyonga, anatupa bonge la udongo ukutani na kulivuta kwa kiganja mara moja, likanyooka. Halafu anarudi kukaa, anahema, amefurahi. Nampenda sana mama yangu akiwa anahema hivyo. Fremu nazo tulizipaka oili chafu kuwafukuza mchwa, na kwa wiki nzima chakula chetu kilinukia gereji.

Likabaki paa.

Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Huo ni mwiko, na wala si wa kale. Uulize leo hata kwa vijana wenye simu kubwa, watakwambia. Mwanamke akionekana juu ya paa, anawatangazia watu kwamba humo ndani hamna mwanamume. Kama mume yu hai, anamzika kabla ya siku zake. Kama amekufa, anamtoa kwenye nyumba aliyoijenga. Kwa hiyo nilikwenda kwa jirani yetu, mwanamume mwenye afya na ngazi yake mwenyewe, nikamwomba atupandie.

"Kesho tu, dada. Asubuhi na mapema."

Kesho ya jirani yule haikuwahi kuwa leo. Ilipita pombe ya ndizi, ukapita msiba, ikapita minada. Mimi nikihesabu mawingu. Upande wa Burundi vilima vilishaanza kufunikwa jioni, na upepo ulikuwa na harufu ya mvua ya mahali pengine.

"Napanda mwenyewe," nilimwambia mama.

"Hupandi."

"Itanyesha."

"Inyeshe."

"Na kaka akija akute ndoo zimejipanga sebuleni?"

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na vidole vyake vilisimama. "Baba yako hajatoka kwenye nyumba hii," alisema. "Ukipanda wewe, utakuwa umemtoa. Afadhali nitoke mimi."

Ndipo nikaelewa kwa nini hakubishana na kaka. Alikuwa ameshapiga hesabu yake. Yeye angekwenda Mwanza akateseke na kuta za watu, baba abaki na heshima yake chini ya paa bovu. Nilikasirika mpaka nikakosa maneno, jambo ambalo kwangu ni nadra. Nilikwenda chumbani kwake nikalifungua dirisha kwa pigo moja.

Jumapili alikwenda kanisani. Mimi nikasema tumbo linaniuma. Aliponitazama nilijua hakuniamini, lakini alijifunga kitenge chake akaondoka. Nikayeyusha lami kwenye moto, nikaegemeza ngazi ya baba, nikapanda.

Juu ya bati la baba kulikuwa na joto, na nilitambaa kwa magoti kufuata mistari ya misumari, mahali ambapo chini yake kuna papi, ile mbao ya kushikilia bati. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unang'oa msumari wa bondeni. Tundu lake unaliziba kwa kitambaa kilichochovywa kwenye lami. Kisha unapiga msumari mpya mgongoni, ukiwa umeutangulizia kipande cha mpira ili maji yasiufuate. Halafu unahamia tundu linalofuata, na matundu yalikuwa mengi kuliko subira yangu. Fundi yule nilimtaja kwa majina ambayo Jumapili hayafai.

Nilikuwa sijafika nusu ya upande wa mbele nilipokiona kitenge cha mama kikija njiani. Misa haikuwa imekwisha. Aliingia uani, akasimama, akainua uso. Nilingoja apige kelele. Aliingia ndani, na kupitia bati nikasikia sanduku lake la chuma likivutwa kutoka uvunguni na kufunguliwa.

Nilijua anafungasha. Nilikaa pale juu na nyundo yangu, machozi yakanitoka, maana niliona kwamba nilikuja kumzuia asiondoke na sasa mimi ndiye niliyemfukuza.

Alitoka ameshika koti la kaki la baba, lile la kuendea mikutanoni, na kofia yake.

"Shuka," alisema.

Nikashuka.

"Vaa."

Nikalivaa. Lilinukia dawa ya nondo. Mama alinifunga vifungo mmoja baada ya mwingine mpaka shingoni, kama anaandaa mtu wa kwenda safari, akanivika kofia, akarudi nyuma hatua chache kunitazama. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua.

"Sasa panda," alisema. "Na usikanyage katikati ya bati, utalibonyeza. Kila siku nakwambia."

Mimi hakuwahi kuniambia hilo hata mara moja. Nikapanda tena.

Mchana kutwa alisimama chini akinigombeza. Msumari huu umekaa upande. Lami ile ni nyingi mno, unadhani tunapika uji? Hapo kando umeparuka, mbona unakimbilia pazuri? Nilikuwa nimesahau kwamba walikuwa wakiongea hivyo, yeye chini na baba juu, na kwamba nyumba ile ilijengwa kwa kelele zile. Jasho lilinitoka ndani ya lile koti mpaka nikadhani nitayeyuka pamoja na lami, lakini sikulivua, na wala sikutaka kulivua.

Alasiri alipita mzee mmoja rafiki wa baba, anasukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Alisimama barabarani akatazama juu kwa muda mrefu. Mama akaenda ukingoni mwa ua.

"Nimeshtuka," mzee alimwambia. "Nilidhani ni mwenyewe karudi."

"Amemtuma mtoto," mama alimjibu.

Mzee akatafakari. Kisha akanitolea kofia, mimi niliyemwamkia shikamoo tangu sijaota meno, akaendelea na baiskeli yake. Kijijini hakuna aliyesema kitu. Jirani yetu wa kesho ndiye peke yake aliyekuja siku ya pili na ngazi yake, ana haya, akanimalizia upande wa nyuma.

Kaka alifika mwanzoni mwa mwezi wa kumi, na mvua ikafika naye, kama waliopatana. Ilimkuta anakunywa chai. Ilipoanza kupiga bati, alihama kiti kwa mazoea, akachukua ndoo, akaiweka pale pa siku zote, akatulia. Akaitazama ndoo. Akatazama dari. Mvua ilikuwa kubwa, ile ya kuwafanya watu waongee kwa ishara, na ndoo ikabaki tupu. Alizunguka chumba hadi chumba akipapasa kuta. Palivuja mahali pamoja tu, karibu na mlango wa jikoni, na mimi nikamwambia pale nimepaacha makusudi pa kunawia mikono.

Alicheka, lakini hakubadilisha nia. Kaka yangu ana huruma, na huruma ikishanunua godoro ni vigumu kuigeuza. Mvua ilipopungua alisema paa zuri ni jambo la kushukuru, ila mama amezeeka, kifua ni kilekile, na gari liko nje. Akamwambia mama ajiandae waende kabla barabara haijaharibika.

Mama aliweka kikombe chini. "Kwani mimi nimewahi kutoka kwenye nyumba hii bila kumuaga mwenye nyumba?"

Kaka alidhani anataka kwenda kaburini kwanza. "Basi twende wote, mama, tukamuage."

"Hayuko huko. Huyo hapo, muulize kama naruhusiwa."

Alikuwa amenielekezea kidole. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na mafuta ya taa, najisugua lami iliyokuwa bado imenasa kwenye kucha. Kwetu mtoto wa kike hana nyumba kwa baba yake. Nimeambiwa hivyo kwa upole, nimeambiwa kwa ukali, nimeambiwa na watu wanaonipenda, na mama alikuwa mmojawapo. Kaka ndiye mtoto wa kwanza, ndiye mrithi, na hata yeye alijua mama alichokuwa amekisema mbele yake.

Nilidhani atakasirika. Alimtazama mama, akazitazama kuta, akaacha kiti akaja kukaa mbele yangu, sakafuni, nje ya mkeka. Ndugu yangu yule hajawahi kuniomba kitu. Aliniuliza, bila utani hata kidogo, kama mama anaweza kuondoka.

Nikamwambia hapana.