Kifaa cha Mkononi

Fundi cherehani alijulikana mtaa mzima kwa jambo moja: hadanganyiki. Mletee kitambaa feki, atakusukumia mezani kwa ncha ya kidole na kukuuliza umemwona mjinga. Mtu pekee ambaye yeye alimwamini bila kupima alikuwa mumewe.

Kwa hiyo alipopasuliwa tumbo kuondolewa mfuko wa nyongo, mumewe ndiye aliyekaa naye wodini. Fundi alifungwa mkononi kifaa kama saa, kisicho na waya, cha kutuma mapigo ya moyo na joto la mwili hadi kwenye skrini ya wauguzi. Moyo ukienda mbio, skrini inalia, na ruhusa ya kwenda nyumbani inaahirishwa. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mume akaanza kununa. Alichoka kulala kwenye kiti, na nyumbani vyombo vilimngoja.

Asubuhi moja, akimsaidia kuoga, alikifungua. "Wamesema hukihitaji tena. Umepona, mke wangu."

Fundi alifurahi, ila tumbo lilizidi kuwaka na baridi ikamtetemesha. Alipolalamika, muuguzi alichungulia tu mlangoni. Tangu skrini ije, kumgusa mgonjwa paji la uso kulishakuwa mambo ya kizamani.

"Namba zako nzuri kweli kweli, mama. Kesho unaenda nyumbani."

"Umesikia?" mume akadakia. "Unajitia hofu bure, mama watoto."

Basi mwanamke yule asiyedanganyika akaanza kujishuku mwenyewe. Akameza maumivu, na akaomba radhi kwa usumbufu!

Kesho yake mume alishusha mizigo hadi garini, akarudi akipanda ngazi mbio mbio. Huku juu, skrini ikalia. Muuguzi akaingia wodini kama mshale.

"Mama! Moyo wako unakimbia!"

Alimkuta amelala kimya, mwili unaungua kwa homa. Akafunua shuka, akashika mkono. Mtupu. Hapo hapo mume akaingia akitweta, mkono wa shati umepanda, na kifaa kinamulika kwenye mkono wake.

"Nilitaka urudi nyumbani tu," akasema.

Fundi alimtazama. Kidonda chote kile hakikuuma kama maneno hayo.

"Nilikulilia," alisema. "Ukaniambia ni hofu."

Kitanda kikasukumwa kurudi chumba cha upasuaji. Daktari akauliza nani atakuwa naye atakapozinduka. Mume akasogea.

"Si huyo," fundi akasema. "Mpigieni dada yangu."