Linah, Mama wa Tisheti za Matanga

Asubuhi ile Linah alikunywa chai akiwa amesimama, kikombe mkono huu, fremu mkono ule. Hakuwa mtu wa kukaa. Aliniita nimshikie fremu ya kuchapia akaze neti.

"Shika hapo. Si hapo. Hapo! Mzee, hata ng'ombe ukimwonyesha mara mbili anajua."

"Ng'ombe hashiki fremu."

"Ningemfundisha. Angalau yeye huamka mapema."

Alivuta neti, akaipigilia pini kuzunguka mbao, akaigonga kwa kidole. Ikalia kama ngoma ndogo. Alikuwa na kazi ya watu wa Kapsokwony, walikuwa wanazika babu yao. Aliendelea kuongea. Kuku, kanisa, suruali yangu. Nikamwambia, "Nyamaza kidogo, Linah." Akanyamaza. Nikaenda kukatia ng'ombe nyasi.

Niliporudi saa nane alikuwa ameanguka kando ya bomba. Maji yalikuwa bado yanamwagika juu ya fremu. Walisema ni presha. Mimi sijui. Najua tu neno la mwisho nililompa.

Linah Jepkemboi alikuwa mke wangu miaka arobaini na tatu. Kutoka hapa kwetu Kitale mpaka Bungoma, mtu akifa, watu wake walikuja kwake na picha. Siku hizi maziko bila tisheti yenye uso wa marehemu ni kama maziko bila chakula. Linah ndiye aliwachapa hao marehemu kwa tisheti.

Hakuna aliyemfundisha. Alifagia duka la Anil mjini miaka tisa. Chumba cha nyuma walichapa nguo za shule. Alifagia huku akiangalia. Anil alipofunga kile chumba, Linah alikuja nyumbani na kioo cha kaunta kilichovunjika kona, akaniambia, "Nitengenezee sanduku la kutosha hiki." Sikuuliza. Nilitengeneza kwa mbao za saiprasi. Taa tulitoa kwa buchari iliyokufa, zile ndefu za buluu za kuua nzi.

Kazi yenyewe ni hivi. Neti inapakwa dawa ndani ya chumba cha giza, inaachwa ikauke. Linah alikuwa na balbu nyekundu tu, ya vifaranga. Picha inatolewa mjini kwa karatasi, nyeusi tupu, halafu karatasi inapakwa mafuta ya kupikia ndio mwanga upite. Karatasi inalala juu ya kioo, fremu juu ya karatasi, blanketi, halafu nusu gunia ya mahindi ya kugandamiza. Taa zinawashwa. Hakuwa na saa. Aliimba wimbo wa kanisa beti zote nne, mara mbili, kwa sauti kavu kama anasoma orodha. Akimaliza anazima. Mahali mwanga umepiga, dawa inakuwa ngumu kama gamba. Mahali weusi wa picha umeziba, dawa inabaki laini, na maji yanaitoa. Hapo ndipo rangi hupita. Lakini mwanga ukiingia kabla ya wakati, neti yote inakuwa gamba. Hakuna uso. Umepoteza dawa na siku.

Ulimi wake ulikuwa mbaya. Hakubagua wafiwa. Kuna mama mmoja mjane alileta picha ya bwanake, ile ya kitambulisho. Linah akaiangalia.

"Mama, huna ingine?"

"Hii ndio iko."

"Watu watafikiri polisi wanamtafuta."

Yule mama akalia. Halafu akacheka, akarudi kesho yake na picha ya harusi. Wengine hawakurudi. Linah hakujali. Mimi pia alinisema mbele ya watu. Nilimpiga mara mbili maisha yetu yote. Ya pili alinirudishia kwa ubao wa fremu, na sikurudia.

Cheptoo, mtoto wetu wa kwanza, aliolewa Kanduyi. Alikufa akijifungua, yeye na mtoto. Nilimwambia Linah kazi hiyo awape watu wengine.

"Wataharibu pua," akasema.

Akafanya mwenyewe. Aliimba beti nne mara mbili. Hakukosea hata neno. Alipoimwagia fremu maji, macho ya Cheptoo yalitokea kwanza, halafu meno. Alichapa tisheti themanini na hakulia. Watu wa Kanduyi walimsifu. Walisema, ni kama mtoto anataka kuongea.

Ilipita miezi sita. Tulikuwa Chwele siku ya soko, mimi nyuma na mzigo, yeye mbele. Kwa wale wa bodaboda, kijana mmoja alikuwa anapangusa cheni ya pikipiki. Tambara lilikuwa jeupe zamani. Linah akasimama. Nikaona na mimi. Ilikuwa nusu ya tisheti, imechanwa, na uso wa Cheptoo ulikuwa umejaa grisi mpaka kwa paji.

"Hebu nione hiyo," Linah akasema.

Kijana akampa. "Mama, hiyo ni tambara tu. Kwani ni mtu wako?"

"Hapana. Naangalia kama rangi imeshika."

"Imeshika, bana! Hii haitoki hata na petroli. Nimejaribu."

Wenzake wakacheka. Linah akamrudishia. Akamrudishia, nawaambia. Nilitaka kumnyang'anya yule kijana, Linah akanishika mkono. "Twende, Mzee. Anafanya kazi." Mpaka siku ile alikuwa ananiita Baba Cheptoo. Kuanzia hapo nikawa Mzee.

Baada ya hiyo aliona wengine. Alimwona mwalimu mmoja wa Kimilili, kazi ya mikono yake, tisheti imevalishwa mti shambani, anafukuza ndege. Mwingine alikuwa mkeka wa mbwa. Alinihadithia kila mmoja, kwa jina. Kazi hakuacha, kwa sababu watu hawakuacha kufa. Lakini aliniambia wazi kwamba yeye asichapwe. Aliniambia mimi peke yangu. Hilo ndilo kosa alilofanya.

Alipokufa, kamati ya mazishi ilikaa kwangu. Mwenyekiti alikuwa Rotich, ndugu yake Linah. Levi, kijana wetu, alikuwa amekuja kutoka Bungoma na bibi yake Everlyne. Levi ana miaka thelathini na minne na kazi ya mamake anaijua tangu utoto. Kitu cha kwanza kuzungumzwa kilikuwa tisheti.

"Mia moja na hamsini," Rotich akasema. "Nyeupe, uso mbele, jina chini."

Nikasema, "Hakutaka."

Wakaniangalia.

"Hakutaka nini?"

"Kuchapwa. Alisema."

"Alisema kwa nani?"

"Kwangu."

Rotich akatabasamu vile mtu anatabasamia mtoto. "Shemeji, hata wewe. Mtu amechapa wilaya nzima, azikwe kama mtu hana watu? Watatucheka mpaka Kapsokwony."

"Wacheke."

"Mzee amechoka," Everlyne akamwambia Levi, nikiwa hapo nasikia. "Mpeleke alale."

Levi akasema, "Baba, wewe kaa tu na wazee. Haya mambo tuachie." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anafunga mlango pole pole.

Wakapiga kura, mikono juu, kwa nyumba yangu. Wangu ulibaki chini.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya kumzika, Levi alipaka fremu mbili dawa, moja ya uso, moja ya jina. Akatumia dawa yote iliyobaki. Ingine hutoka Eldoret na lazima uagize. Akaziegemeza ukutani zikauke, akarudisha mlango, akaenda mjini kutoa picha. Picha waliyochagua Linah alikuwa anacheka kwa harusi ya mtu. Ilikuwa nzuri. Angependa pua.

Saa sita nikaingia. Watu walikuwa nje wanapasua kuni. Dirisha la kile chumba nililifunika mwenyewe kwa bati, na misumari niliijua. Nikaing'oa kwa nyundo, minne. Jua likaingia likapiga fremu zote mbili. Nikakaa juu ya ndoo. Dawa ilikuwa kijani, ikaanza kubadilika. Nilikaa mpaka nikasikia adhana ya mjini kwa mbali. Halafu nikarudisha bati, nikapiga misumari ile ile kwa matundu yake.

Levi alirudi saa tisa. Akapaka karatasi mafuta, akapanga kila kitu kama mamake, hata ile nusu gunia. Yeye alihesabu kwa simu. Halafu akapeleka fremu kwa bomba, pale pale. Akamwaga maji. Akamwaga tena. Akasugua kwa kidole. Watu walikuwa wamesimama wanangoja kumwona.

Hakutoka. Hata macho.

Akachukua ya pili. Jina pia halikutoka.

"Dawa imeoza," Rotich akasema.

Levi aliweka fremu chini. Aliingia kwa kile chumba. Akatoka ameshika unga wa kutu kwa vidole, ule wa misumari. Akaniangalia mimi. Watu wote wakaniangalia.

Everlyne ndiye alianza. "Ati amefanya nini? Huyu mzee? Hata akiwa maiti anamfanyia hivi?"

Jepkorir, dada ya Linah, akatema mate chini. "Alimpiga akiwa hai. Sasa amemnyima hata uso. Ulimchukia hivyo?"

Nikaenda kufunga bomba.

Tulimzika Jumamosi. Watu walijaa. Kwa sababu hakukuwa na tisheti yake, wengi walivaa zile walizokuwa nazo, kazi ya mikono yake, wafiwa wa miaka yote. Nilisimama kwa kaburi nikizungukwa na maiti wa watu wengine, wamefura kwa matumbo na matiti, wanacheka. Rotich aliongea kwa kipaza sauti. Alisema kuna watu wana roho ngumu, na Mungu anawajua. Watu wakaitikia amina. Jepkorir hakunipa mkono. Mpaka leo hajanipa.

Watu walipoisha, Levi alikuja akakaa kando yangu kwa benchi. Alikuwa bado na udongo kwa viatu.

"Wameniuliza nitakulea vipi na roho hiyo," akasema.

"Umewaambia nini?"

"Bado." Akagonga viatu udongo utoke. "Baba, mama alisema nini? Usinipe maneno yako. Maneno yake."

Nikamwambia yote, tangu yule kijana wa Chwele. Halafu nikampa maneno ya Linah kama alivyonipa, siku tuliyotoka huko, akiwa anavua viatu mlangoni:

"Huu uso ni wangu. Nimeuvaa miaka yote na sijamwazima mtu. Nikifa nizike nao. Wakitaka tambara la kupangusia pikipiki, waende dukani wanunue."