Maji ya Ayubu Baada ya Tetemeko

Ayubu ni fundi wa redio na simu huko Kashai, mjini Bukoba. Nyumba anayoishi aliachiwa na baba yake. Sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo, aliweka tangi la kioo alilolitengeneza mwenyewe kwa vioo vya dirisha na silikoni, akafuga humo samaki wa dhahabu aliowanunua Mwanza. Dada yake Sumaiya, mjane aliyekuwa akiishi chumba cha uani, hakuchoka kumcheka.

"Mji mzima unakula sato na sangara," alikuwa akisema, "wewe unalisha samaki wasioingia chunguni!"

Ayubu alikuwa akicheka kidogo tu na kuendelea na ndoo zake. Maji ya bomba yana klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu, nayo huunguza matamvua ya samaki, pale wanapopumulia. Kwa hiyo huyakinga, akayaacha wazi ndooni tangu asubuhi mpaka asubuhi ya pili ili dawa iruke, kisha huchovya kijikaratasi cha kupimia na kulinganisha rangi yake na rangi zilizochorwa kwenye kikopo. Karatasi ikibaki nyeupe, maji yanafaa.

Jumamosi ile ya Septemba 2016, tetemeko lilipopiga Bukoba, alikuwa kwenye kibanda chake cha kazi. Alikimbia nyumbani. Mkewe Maulida alikuwa barabarani, mzima. Ukuta wa uani ulikuwa umeanguka, na Sumaiya alikuwa chini yake. Majirani walipomtoa, alikuwa amekwisha kufa.

Kesho yake walimzika Muleba, kwenye kibanja, shamba la migomba la wazazi wao. Ayubu alishuka kaburini kumpokea. Watu walilia. Yeye aliona tu kwamba udongo una unyevu, akakumbuka kujipangusa magoti.

Waliporudi Kashai, uani palikuwa pamefungwa turubai. Hakuna aliyethubutu kulala ndani, ardhi ilikuwa bado inatikisika mara kwa mara. Majirani walikuwa wameanza kufika kutoa pole. Ayubu aliwapita wote, akaingia ndani.

"Ayubu, toka, nyumba ina nyufa!" Maulida alimwita.

Tangi lilikuwa limepasuka pembeni. Maji yalikuwa yamevuja hadi chini ya nusu, na samaki wamejikusanya kwenye kile kilichobaki. Aliwachota na maji yao, akawatia kwenye beseni jipya, akalitoa nje na kuliweka kivulini. Kisha akafungua bomba. Maji yalitoka na rangi ya udongo, yakinuka dawa kuliko siku zote. Alijaza ndoo, akakaa juu ya tofali mbele yake.

Mzee Ndyamukama, jirani wa nyumba ya pili, alimkuta pale.

"Pole sana, mwanangu. Dada yako alikuwa mtu mwema."

"Asante, mzee."

"Watu wamekaa chini ya turubai wanakusubiri."

"Nakuja. Haya maji bado."

Mzee aliitazama ndoo, akamtazama na yeye, akarudi kwa wageni. Ayubu hakwenda.

Asubuhi udongo ulikuwa umetuama chini ya ndoo. Aliyamimina maji ya juu taratibu kwenye ndoo nyingine, akachovya karatasi. Ikageuka rangi ya zambarau iliyokolea. Akangoja. Mchana akapima tena, rangi imepungua lakini ipo. Akaenda sokoni kuongeza mkaa wa msibani, na aliporudi ndoo ilikuwa tupu. Wanawake waliokuwa wakipika walikuwa wameyachemshia chai.

"Waitu, jamani, tungejuaje?" alisema Maulida. "Yalikuwa maji safi tu kwenye ndoo."

Ayubu hakukasirika. Maulida angependa akasirike. Alichukua ndoo, akafungua bomba, akaanza upya.

Lakini samaki hawakuweza kungoja kama yeye. Beseni lilikuwa dogo na maji yamechafuka. Walikuja juu kuhema, midomo wazi. Angeweza kuwatia kwenye maji yenye dawa na kubahatisha. Hakubahatisha. Jioni wawili walikuwa wanaelea ubavu. Aliwachukua kwa kiganja, akawapeleka nyuma ya nyumba, akarudi.

Maulida alikuwa amesimama karibu na beseni.

"Wale wawili umewapeleka wapi?"

"Nimewafukia kwenye migomba."

"Hukusikitika?"

"Sijui."

Maulida alivuta tofali jingine, akaketi.

"Na Sumaiya?"

Ayubu aliondoa jani lililoangukia ndooni.

"Najua amekufa," alisema. "Nilimshika mimi mwenyewe. Lakini ni kama habari niliyoisikia redioni, ya watu wa mbali. Nangoja iingie. Haiingii."

Maulida hakumwambia alie, ingawa tangu Jumamosi kila mtu alikuwa akimwambia hivyo. Alikaa naye mpaka walipoitwa kula.

Siku iliyofuata karatasi ilibaki nyeupe. Ayubu aliitazama kwenye mwanga, akachovya nyingine ahakikishe. Nyeupe. Yalibaki mambo ya joto tu, maana maji mapya yakiwa baridi kuliko yale ya zamani samaki hushtuka. Alitia mkono kwenye ndoo, akautia kwenye beseni, akarudia.

"Mkono wangu hauniambii kitu," alisema. "Hebu jaribu wewe."

Maulida, ambaye hakuwahi kugusa maji ya samaki wale hata mara moja, alikunja mkono wa gauni lake.

"Ya ndoo ni baridi kidogo."

Wakaisogeza ndoo juani. Baadaye Maulida alijaribu tena, akasema sasa yamelingana. Ayubu alichota maji machafu kidogo, akamwaga masafi kwa kikombe polepole, akapumzika, akaongeza. Samaki waliobaki waliacha kuhema juu, wakateremka.

Ndipo alipokwenda kukaa chini ya turubai na wageni. Walimpa pole mmoja mmoja, akaitikia vizuri kila mmoja. Hakulia siku hiyo. Hakulia hata arobaini ilipofika, wakarudi Muleba kusoma dua, ingawa ndugu mmoja alimsema vibaya kwa hilo pembeni.

Ukuta ulijengwa upya mwaka uliofuata, kwa matofali ya kuchoma. Chumba cha uani kinawekwa mkaa na majembe. Ayubu alinunua vioo vingine, akaunganisha tangi jingine, kubwa kidogo, na siku ya kubadilisha maji Maulida ndiye anayepima joto. Watu wakimwuliza Ayubu kuhusu tetemeko huwaeleza yote kwa mpangilio, sauti ileile, kisha huinamia simu aliyokuwa anaifungua.