Winifrida na Silinda ya Nne

Nyakitonto nzima ilimjua Winifrida kwa unga. Ndiye aliyeendesha mashine ya kusaga pale njia panda, kitenge kiunoni, kope zimekuwa nyeupe kama za ajuza, na akikuambia mahindi yako hayajakauka unayarudisha nyumbani kuyaanika bila ubishi. Ufundi aliupata kwa baba yake, Fidele, aliyevuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili na mfuko wa spana mgongoni wakati wenzake wamebeba magodoro. Mzee huyo hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumrithisha spana. Alijaliwa Winifrida, na wala hakuona tatizo.

Mwaka tisini na tano, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza kunguruma upande wa Burundi, trekta la kikundi cha wakulima likaanza vituko. Lilikuwa kuukuu, la petroli, walilouziwa na masista waliorudi kwao Ulaya. Fundi aliletwa kutoka Kasulu mjini, akabadilisha plagi zote nne, akasafisha kabureta, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Trekta likaendelea kukohoa.

Ndipo mwenyekiti wa kikundi, Mzee Sylvesta, alipofika mashineni asubuhi moja.

"Mwakeye, Mama Irakoze," alimsalimia Winifrida kwa Kiha, kwa jina la mwanawe.

"Mwakeye, mzee. Mbona leo huna gunia?"

"Leo nina mgonjwa."

Walipofika kwenye trekta walimkuta Makarius, dereva wake, amesimama kando, mikono kifuani. Alikuwa ameliendesha kwa miaka saba na aliliona kama mali yake.

"Mzee, huyu si ni wa unga?" alisema, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia.

Winifrida alisikia pia. Alijifuta mikono akauliza, "Shemeji, linasumbua zaidi likienda pole au likikimbia?"

Makarius alikunjua mikono. Fundi wa mjini hakuwa ameuliza hilo. "Likienda pole. Ukilikanyagia mafuta linatulia kidogo."

"Haya, liwashe."

Injini iliwaka ikitetemeka kama mtu mwenye homa. Winifrida alizungushia kitambaa kikavu kwenye koleo yenye mpini wa mpira, akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikazidi kuyumba. Akaurudisha, akachomoa wa pili: ikayumba tena. Wa tatu, vivyo hivyo. Alipochomoa wa nne, mlio haukubadilika hata kidogo.

"Watatu wanalima," alisema, "wa nne amelala."

Sasa ilibaki kujua kwa nini amelala. Aliusogeza ule waya wa nne karibu na chuma, cheche ya buluu ikaruka. Basi moto upo. Akazima injini, akafungua plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba na kumwomba Makarius azungushe hendeli. Upepo ulimsukuma kidole kwa nguvu. Basi pumzi ipo. Alikaa juu ya tairi akafikiri. Kabureta ni moja, inalisha silinda zote nne. Kama tatu zinashiba na moja inakufa njaa, shida iko njiani, kwenye lile bomba linalogawa petroli na hewa.

"Nipatie maji ya sabuni," alisema.

Mzee Sylvesta alidhani anataka kunawa. Winifrida alirudisha plagi na waya wake, akawasha injini, akachovya kitambaa, akaidondoshea povu ile sehemu bomba linapoungana na injini. Silinda ya kwanza, povu likakaa. Ya pili na ya tatu, likakaa. Kwenye ya nne lilifyonzwa ndani mara moja, na kwa muda wa pumzi mbili injini ikanguruma vizuri kabisa kabla ya kurudia kukohoa.

"Inavuta hewa ya wizi," alisema. "Gasketi hapa haizibi."

Walipofungua bomba, mahali pa gasketi ya silinda ya nne palikuwa na kipande cha jalada la daftari, kimeungua nusu. Winifrida alimtazama Makarius. Makarius akatazama viatu vyake.

"Ilikuwa nini?" aliuliza Mzee Sylvesta.

"Gasketi tu, mzee. Zinachoka kama sisi."

Alikata mpya kutoka karatasi nene ya gasketi aliyoiweka kwa ajili ya mashine yake, akafunga nati akianzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kama alivyofundishwa. Injini ilipowaka, ilitulia hata ukaweza kusikia kuku wa jirani.

Makarius alivumilia hadi yeye na Mzee Sylvesta wakafika kwenye shamba la kwanza. Hapo alishuka, akavua kofia.

"Mzee, lile jalada niliweka mimi, mwezi wa nane. Bomba lilikuwa linavuja, nikaona aibu kuomba fundi. Fundi wa mjini nilimwacha ahangaike. Mama Irakoze amenifichia."

Mzee Sylvesta alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi kesho nenda ukamshukuru."

Alikwenda kweli, na hakwenda mikono mitupu: alimpelekea mkungu wa ndizi, na ombi. Alitaka kujua jinsi ya kusikiliza silinda moja moja. Winifrida alimwonyesha kiti kando ya mashine.

"Kaa," alisema. "Lakini utarudi kwako mweupe."

Msimu ule Makarius alizoea kupita njia panda ana unga hadi kwenye nyusi, na watu wa Nyakitonto wakaacha kumuuliza kwa nini.