Tepu Nyeusi kwenye Soketi

Kazi yangu ni kufunga wifi katika nyumba za watu, hasa hizi nyumba mpya za Lanet, na nusu ya kazi hiyo huifanya kwa simu. Mteja anapiga amefura, intaneti imekufa, ana mkutano baada ya dakika tano. Namwuliza taa ya ruta ina rangi gani. Nyekundu, anasema. Namwambia aizime kwenye soketi, ahesabu polepole hadi thelathini, kisha aiwashe. Mara nyingi inarudi, naye ananishukuru kana kwamba nimefanya muujiza. Sijui ni watu wangapi nimewaambia maneno hayo. Mama yangu nilimwambia kinyume chake.

Mama aliishi peke yake Rongai, na ng'ombe mmoja na kipande cha mahindi nyuma ya nyumba. Masikio yalikuwa yamemwisha kabisa. Simu ya kawaida haikumfaa kitu, na kusoma hakujua, kwa hiyo ujumbe wa kuandika nao ulikuwa kazi bure. Alichojua ni kusoma midomo, na midomo yangu aliijua kuliko ya mtu mwingine yeyote. Ndipo nikamnunulia tableti, nikamwekea ruta juu ya kabati la vyombo, na kila siku saa kumi na mbili jioni, akishamaliza kukama, nikawa nampigia kwa video. Nilisema polepole, naye akanijibu kwa sauti ya juu kama anayemwita mtu aliye mwisho wa shamba. Asiponipata alinirekodia sauti, sauti ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuisikia, akaituma. Nina jina la babake, kwa hiyo tangu nizaliwe aliniita baba.

Ruta aliipenda. Aliifumia kitambaa cheupe chenye kingo za bluu, akaifunika jinsi alivyofunika redio na migongo ya viti. Nilimwambia inahitaji hewa. Akanijibu kwamba kitambaa kina matundu ya kutosha, na hapo alinishinda.

Shida ilikuwa mvua. Kwetu, radi ikinguruma, kila kitu huchomolewa ukutani: televisheni, redio, chaja. Tulilelewa hivyo, na wala si ujinga, maana jirani mmoja radi ilimwachia televisheni ikiwa mkaa mtupu. Lakini mama hakusikia tena radi, basi akawa anachomoa mara tu anapoona wingu jeusi upande wa Molo. Na msimu wa mvua, wingu halikosekani. Nilipiga, nikakosa, nikapiga tena. Kesho yake aliniambia kwa furaha kwamba ameiokoa mashine yangu.

Kisha zikapita siku mbili nzima bila kumpata. Niliacha kazi ya mteja katikati, waya zikining'inia, nikapanda pikipiki hadi Rongai roho mkononi. Nilimkuta nje ya jikoni akipukuchua mahindi, mzima kabisa. Ruta ilikuwa mezani, imekunjiwa kitambaa chake vizuri kama mkate.

Sikushukuru kwamba yu hai. Nilimshika bega, nikamgeuza anitazame, nikafungua mdomo wazi ili asikose hata neno moja.

"Usiguse hii kitu tena. Hata mvua inyeshe. Hata taa iwe rangi gani. Usiguse mpaka nikuje."

Nikairudisha juu ya kabati, nikaichomeka, nikatoa tepu nyeusi ya kufungia waya na kuizungushia plagi pamoja na swichi mara tatu. Alifuata mikono yangu kwa macho kama mwanafunzi.

"Sawa, baba," akasema. "Sitagusa."

Alinipikia chai. Nilisema nina haraka, nikaondoka bila kuinywa.

Jumatatu iliyofuata nilipiga saa kumi na mbili, sikumpata. Moja kwa moja nikajua amechomoa, na tepu yangu ameitupa. Mimi fundi, ambaye swali langu la kwanza kwa kila mteja ni taa ina rangi gani, sikujiuliza chochote. Jirani yake alikuwa na simu, na namba yake nilikuwa nayo. Ningempigia, angeingia kumwangalia kwa dakika moja. Sikumpigia. Nilitaka mama akae bila mimi hadi Jumapili nitakapokwenda, ajifunze. Jumanne sikujaribu hata kupiga. Jumatano vilevile. Sina njia nyingine ya kuliandika: nilimnunia mama yangu.

Alhamisi jioni aliyepiga alikuwa jirani. Alikuwa amempelekea mboga, akamkuta kitini mbele ya tableti, kichwani amevaa kitambaa chake cha kanisani. Alikivaa kila jioni kwa ajili ya simu yangu. Daktari alisema ni presha. Hakuna aliyeniambia kwamba ningemwona usoni siku hizo ningetambua kitu, na sijathubutu kuuliza.

Baada ya mazishi nilimwuliza jirani kama mama alilalamika juu ya kimya changu. Alitikisa kichwa. "Alisema tu kijana wake ako na kazi mingi."

Watu walipoondoka niliingia sebuleni peke yangu. Taa ya ruta ilikuwa nyekundu. Plagi ilikuwa pale nilipoichomeka, na tepu ilikuwa ileile, mizunguko mitatu, ncha yake haijainuka hata kidogo. Kitambaa cheupe alikuwa amekiondoa na kukikunja kando. Ruta ilikuwa imeganda tu, kama zinavyoganda zote, nami nikasimama mbele yake nikilia kwa sauti.

Niliibandua tepu. Nikazima. Nikahesabu hadi thelathini, na namba hazikutaka kwisha. Nikawasha. Taa ikawa kijani. Tableti nilikuwa nimeichaji. Nilipoifungua, simu iliyokuwa mfukoni mwangu ikalia mara nne.

Zilikuwa sauti nne, alizorekodi tangu Jumatatu hadi Alhamisi, zikabaki ndani ya tableti zikingoja mtandao. Katika ya kwanza ananiambia ng'ombe ameanza kupunguza maziwa. Katika ya pili ananieleza juu ya taa, na kuniuliza aizime ama aiache. Katika ya tatu anasema ametoa kitambaa, ipate hewa kama nilivyotaka, lakini mashine yenyewe hajaigusa.

Ya nne ni fupi, na anaisema kwa sauti ya juu, kama kawaida yake.

"Baba, usikasirike. Mimi sijachomoa. Ukikuja utaona tepu yako iko vile uliiweka."