Chupa za Maji Kupwa

Nilichaguliwa kwa sababu sitoki. Mtaalamu mmoja wa maji, msichana mpole wa mjini, alipita mtaani kwetu njia ya Chukwani akitafuta mtu wa kuwapo nyumbani kila siku, na mtaa mzima ukanyoosha kidole dirishani kwangu. "Mchukue yule. Mwari wa kiume yule, jua halimjui."

Nyumba yangu imelipa mgongo hori, ule mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko, na mtaro wa maji machafu ya mtaa unamalizikia humo humo. Kazi ilikuwa kujaza chupa moja bahari ikijaa, nyingine ikipwa, nibandike karatasi, nitie frijini. Yeye na wenzake wangepima, waingize majibu kwenye kompyuta, nayo ichore ramani ya uchafu unavyokwenda na kurudi. Sheha, mkubwa wa mtaa wetu, alikwishakataza watu kuokota chaza horini mpaka ramani hiyo itoke.

Katazo lilimwangukia jirani yangu, bibi mjane aliyeishi kwa chaza. Kila asubuhi husimama dirishani kwangu na kikapu kitupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Maji yangu yamepona?"

"Bado yanapimwa."

"Fanya hima, bi harusi. Wewe una chakula ndani. Mie ntakula kikapu?"

Bahari ikijaa, maji hufika ngazi zangu za nyuma, safi, mtu anainama tu. Ikipwa, linabaki tope jeusi la magoti mpaka mdomoni mwa mtaro, na uvundo wa kukutoa machozi. Nilikwenda mara moja tu. Kandambili yangu moja imo humo mpaka leo. Tangu siku hiyo nikawa najaza chupa mbili kwa mpigo, maji yakiwa ngazini. Moja naiandika kujaa, nyingine kupwa. Hati yangu nzuri. Ndiyo niliyotoka nayo sekondari.

"Maji ya kupwa mbona yana chumvi nyingi hivi?" msichana aliniuliza siku moja.

"Bahari hiyo, dada. Ulitaka yawe na sukari?"

Akacheka, akaandika.

Ramani ikatoka buluu tupu: salama. Sheha akafungua hori. Kesho yake bibi akaja na bakuli la chaza wa nazi, linafuka mvuke.

"Kula, mwanangu. Jasho lako hili."

"Nshakula, bibi."

"Umekula nini, na jiko lako halijawashwa?"

"Nimeshiba, wallahi."

Niliapa. Akanitazama, akacheka. "Mwari anaona haya." Akarudi kwake na bakuli, na mimi nikafunga dirisha.

Siku ya tatu alipelekwa hospitali, anaharisha maji matupu. Nikatoka kwenda kumtazama. Mtaa ukapiga vigelegele vya kejeli. Nilimkuta na dripu mkononi, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Akanishika vidole.

"Usije ukajilaumu na maji yako," alisema. "Nadhani ile nazi ilikuwa mbovu."

"Huenda, bibi," nikamjibu. "Nazi za siku hizi haziaminiki."